Mtungi Baridi, Mtungi Moto: Kusoma Dalili Unapojaza Haidrojeni

Geji ya manifoldi, bomba linalogawa gesi kwa mitungi iliyounganishwa pamoja, husema presha ya safu nzima ya mitungi hiyo. Haisemi ni mtungi upi unaopokea gesi na upi uliogoma, haisemi ndani ya mtungi kulikuwa na nini kabla hujaanza, wala haisemi joto. Ndiyo maana matatizo mengi ya chumba cha kujazia haidrojeni hayaonekani kwenye geji mpaka yamekwisha kukomaa. Hapa tutapita dalili kama zinavyojitokeza kazini: unachokiona, chanzo chake, na la kufanya kabla hujashika spana.

Kuna jambo moja linalohusu dalili zote. Haidrojeni iliyochanganyika na hewa huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na asilimia 75. Gesi nyingi tulizozizoea hazina uwanja mpana hivyo. Nishati ya kuiwasha ni kama milijuli 0.02 tu, ule mshtuko mdogo unaousikia kidoleni ukigusa kitasa cha chuma una nishati makumi ya mara zaidi. Kwa hiyo hitilafu haitafutwi kwa kukaza, kulegeza wala kugonga kitu ambacho bado kina presha. Funga gesi inayoingia, simamisha kompresa, funga valvu za mitungi, toa presha ya laini, yaani mabomba yanayopitisha gesi, kupitia bomba la kutolea lililo juu ya paa, hakikisha geji imerudi sifuri. Baada ya hapo una muda wote wa kufikiri.

Mtungi mmoja ni baridi, wenzake ni vuguvugu

Gesi ikigandamizwa hupata joto, na joto hilo huhamia kwenye chuma. Dakika chache baada ya kuanza kujaza, pitisha mgongo wa mkono kwenye mitungi yote. Inayopokea gesi itakuwa na uvuguvugu unaolingana. Ule uliobaki baridi haupokei.

Chanzo cha kawaida ni valvu iliyosahauliwa kufunguliwa, au iliyofunguliwa robo mzunguko na mtu aliyeitwa upande wa pili kabla hajamaliza. Kinachofuata ni valvu ya kubakiza presha. Valvu za aina hii zina kizuizi ndani kinachokataa gesi isirudi mtungini, na hufunguka tu zikipata kiungio cha kujazia chenye pini inayokisukuma kizuizi hicho. Ukifunga kiungio cha kawaida, utafungua gurudumu mpaka mwisho na gesi haitaingia hata kidogo. Zaidi ya hayo kuna hozi iliyojikunja, chujio lililojaa kutu, au spindeli, kijiti kinachounganisha gurudumu na valvu, iliyokatika ndani: gurudumu linazunguka lakini halifungui kitu. Na usisahau uwezekano rahisi kuliko yote, kwamba mtungi ulikuja ukiwa bado umejaa.

Hatari ya mtungi baridi haiko kwenye ubaridi wake. Iko kwenye namna watu wanavyoutibu. Niliwahi kumshika mkono kijana mmoja aliyegundua mtungi baridi wakati safu imeshafika bar 140. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye gurudumu. Angeufungua wakati ule, mitungi kumi na moja ingeumwagia gesi yake mtungi mmoja mtupu kwa mkupuo: joto kali upande unaopokea, chembe za kutu zikipeperushwa kwa kasi ndani ya valvu nyembamba, hozi ikiruka. Ukikuta mtungi baridi safu ikiwa imekwenda mbali, uache umefungwa. Maliza safu, toa presha ya laini, uondoe mtungi huo, uuchunguze ukiwa peke yake. Ukiugundua mwanzoni kabisa, presha ikiwa chini bado, simamisha, toa presha, rekebisha, uanze upya.

Safu nzima, au mtungi mmoja, una joto kupita kiasi

Safu nzima ikiwa moto kwa usawa, chanzo ni kasi. Unajaza haraka kuliko chuma kinavyoweza kutoa joto. Mitungi ya chuma hutengenezwa kwa kuzingatia kwamba gesi ikifika nyuzi 65 za sentigredi presha yake isivuke presha ya majaribio. Huo ni mpaka wa usalama, si shabaha ya kazi. Kama huwezi kuacha kiganja kwenye mtungi ukahesabu mpaka kumi, umeshakwenda mbali. Punguza mkondo, upe muda.

Watu wengine hulaumu valvu: wamesikia kwamba gesi ikipita kwenye tundu jembamba hupoa, sasa mbona hii inapata joto? Haidrojeni ni kigeugeu katika hilo. Gesi nyingi hupoa zikipanuka kwa njia hiyo. Haidrojeni, ikiwa juu ya takriban nyuzi 73 chini ya sifuri, hupata joto kidogo. Ni kidogo kweli, na si hiyo inayouchoma mtungi wako. Kinachouchoma ni mgandamizo.

Mtungi mmoja ukiwa moto kuliko wenzake, angalia ulivyoanza. Uliokuja mtupu kabisa hupata joto zaidi ya uliokuja na bar 60, maana umegandamizwa zaidi. Angalia pia kama majirani zake wanapokea. Gesi iliyopaswa kugawanywa kwa kumi ikiingia kwa miwili, hiyo miwili itaungua. Waliowahi kufanya kazi na asetilini huogopa mtungi wenye joto kwa sababu nyingine, kwamba gesi inaoza yenyewe ndani. Haidrojeni safi haiozi. Lakini maneno hayo, "haidrojeni safi", ndiyo yenye uzito, na tutayarudia.

Nilijaza mpaka 200, asubuhi nakuta 180

Hii ndiyo simu inayopigwa mara nyingi zaidi na mteja, na kwa kawaida hakuna kilichovuja. Presha iliyoandikwa kwenye mtungi, tuseme bar 200, ni presha kwenye nyuzi 15. Kwa mtungi wa bar 200, kila nyuzi moja ya joto huongeza au kupunguza kama bar 0.7. Mtungi uliofungwa ukisoma 200 gesi ikiwa na nyuzi 45 utasoma takriban 179 ukipoa mpaka 15. Gesi haijaenda popote, haikuwahi kuwamo.

Kosa la pili hutokana na kusahihisha la kwanza kwa kubahatisha. Mtu anaambiwa mitungi inarudi pungufu, basi anaanza kujaza mpaka 220 kila siku, asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali vilevile. Siku ya baridi ameshajaza kupita kiasi, na mtungi huo ukianikwa juani presha yake inapanda bila mtu kuiona. Tumia jedwali la joto na presha lililobandikwa ukutani, pima joto la mtungi badala ya joto la chumba, na simama pale jedwali linaposema.

Mizani haitakusaidia hapa kama inavyosaidia kwa gesi ya kupikia au kaboni dioksidi. Mtungi wa lita 50 uliojaa bar 200 una haidrojeni isiyofika hata gramu 800, ndani ya chuma cha kilo hamsini au sitini. Tofauti ya rangi iliyopakwa upya na kofia iliyobadilishwa inatosha kuficha robo ya gesi yako.

Ukitaka kujua kama kweli kuna uvujaji, soma presha na joto la mtungi, andika, subiri siku nzima, soma tena vyote viwili, kisha rekebisha kwa 0.7 kwa kila nyuzi. Kinachobaki baada ya hesabu hiyo ndicho kilichovuja. Kabla ya yote, angalia kama sindano ya geji inarudi sifuri wakati laini haina gesi. Geji iliyopigwa mshindo wa presha mara nyingi huganda kwenye bar 5 au 10, na watu hufanya kazi nayo kwa miezi wakiamini mitungi yote inakuja na mabaki ya gesi. Hilo linatuleta kwenye dalili ninayoiogopa kuliko zote.

Mtungi umerudi hauna presha kabisa

Kwenye macho ni mtungi mtupu tu, wa kujaza. Kwa mjazaji ni mtungi usiojulikana una nini ndani.

Mteja akitumia gesi mpaka mwisho na kuacha valvu wazi, mtungi huanza kupumua. Mchana unapata joto na kutoa pumzi, usiku unapoa na kuvuta hewa. Baada ya siku chache mtungi wa lita 50 una hewa, na ndani ya hewa hiyo kuna lita kumi na kidogo za oksijeni. Sasa uunganishe kwenye manifoldi uanze kusukuma haidrojeni. Mchanganyiko utapita kwenye uwanja wote wa kuwaka, kutoka asilimia 4 mpaka 75, kabla haujawa na haidrojeni nyingi kiasi cha kutowaka. Asilimia 75 unaifikia presha kamili ndani ikiwa kama bar 4, yaani geji ikisoma kama 3, maana geji haihesabu bar 1 ya hewa ya nje. Kwa maneno mengine, dakika za kwanza za kujaza, wakati gesi inaingia kwa kishindo ikibeba vumbi la kutu linalozalisha umeme tuli, ndizo dakika ambazo mtungi una mchanganyiko unaolipuka. Mwishoni, kwenye bar 200, oksijeni itakuwa imebaki sehemu moja tu katika elfu, na cheti kitaonyesha tatizo la usafi wa gesi tu. Karatasi hiyo haitasema ulipita wapi kufika hapo.

Hiyo ni hali nyepesi. Hali mbaya ni mtungi ulioingiliwa na oksijeni yenye presha: mteja ameunganisha haidrojeni na oksijeni kwenye kichomeo kimoja bila valvu za kuzuia mrudio, haidrojeni imeisha, oksijeni imesukumwa upande wa pili. Tuseme imebaki bar 10 ya oksijeni. Haidrojeni ndani ya oksijeni huendelea kuweza kuwaka mpaka oksijeni ishuke chini ya takriban asilimia 5 au 6. Fanya hesabu: bar 10 ni asilimia 5 ya bar 200. Mtungi huo utakuwa bomu tangu unapoanza mpaka karibu na mwisho wa kujaza, na kadiri presha inavyopanda ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa. Mwako wa kawaida ndani ya chombo kilichofungwa hupandisha presha kwa takriban mara 8 ya ile iliyokuwamo. Ukiwaka kwenye bar 4 utapata kama 32, na mtungi wa chuma utastahimili. Ukiwaka kwenye bar 100 utapata kama 800, wakati mtungi wa bar 200 hujaribiwa kwa 300. Na mwako ukigeuka mlipuko wa mshindo, hata hesabu hiyo haitoshi.

Angalia pia kwamba mtungi huo wa pili haukurudi mtupu. Ulirudi na presha, na mjazaji anayeangalia presha peke yake angefurahi kwamba mteja ameacha mabaki. Kwa hiyo mabaki nayo hupimwa. Sampuli ndogo hupitishwa kwenye kipimo cha oksijeni kupitia laini iliyofungwa, mtungi mmoja mmoja, kabla haujaunganishwa na wenzake. Ukishawaunganisha kwenye manifoldi moja na kufungua valvu, mmoja mchafu umewachafua wote.

Mtungi usio na presha huwekwa kando na kufungiwa lebo. Hautolewi upepo ndani ya chumba. Huchunguzwa kwanza: je, unasikika una maji ukiuinamisha? Uzito wake umezidi ule uliogongwa begani? Valvu inafanya kazi, au imeziba na kudanganya kwamba mtungi ni mtupu? Hili la mwisho limewaua watu: valvu iliyoziba huonyesha sifuri, fundi anaifungua shingoni, kumbe nyuma yake kuna bar 150. Kama mtungi ni mzima, husafishwa kwa kuvutwa hewa mpaka ombwe na kuingizwa naitrojeni, kisha kurudiwa, kisha kupimwa. Kinachouruhusu kurudi kwenye safu ni namba iliyosomwa kwenye kipimo. Idadi ya mara ulizosafisha si ushahidi.

Kipimo cha oksijeni kinapanda kwenye laini

Hapa mitungi haina kosa. Gesi inakuja ikiwa imechanganyika tayari. Kama haidrojeni yako inatoka kwenye elektrolaiza, mashine inayotenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa umeme, mshukiwa wa kwanza ni utando unaotenganisha pande mbili. Ukichakaa au kutoboka, au presha ya pande hizo ikitofautiana, oksijeni huvuka. Elektrolaiza inayoendeshwa chini sana ya uwezo wake ina tabia hiyohiyo hata utando ukiwa mzima: kiasi kinachovuka hakipungui kama uzalishaji unavyopungua, hivyo sehemu yake ndani ya gesi inakua. Tarehe 23 Mei 2019 huko Gangneung, Korea Kusini, tangi la haidrojeni lililokuwa likijazwa na elektrolaiza lililipuka baada ya oksijeni kuingia humo; watu wawili walikufa na sita wakajeruhiwa.

Mshukiwa wa pili hujitokeza baada ya matengenezo: nyaya za umeme zimerudishwa kinyume. Chanya ikiwa hasi, upande wa haidrojeni unatoa oksijeni, na kompresa haijui tofauti. Kila baada ya kugusa nyaya za elektrolaiza, gesi ipimwe pande zote mbili kabla laini ya kompresa haijafunguliwa.

Mshukiwa wa tatu ni kompresa yenyewe, upande wake wa kuvuta. Chujio likiziba, au tangi la kupokelea likipungukiwa gesi, presha upande huo hushuka chini ya ile ya hewa ya nje, na kila kiungio kilicholegea ambacho jana kilikuwa kinavuja kidogo kwenda nje leo kinavuta hewa kuingia ndani. Hakuna povu la sabuni litakalokuonyesha hilo. Swichi ya presha ya chini upande wa kuvuta ipo kwa kazi hiyo, na mtu anayeifungia waya isimsumbue anajua anachofanya, jambo linaloifanya kuwa mbaya zaidi.

Kipimo kinachopanda kinasimamisha kompresa. Usikubali hoja ya "tuchanganye na iliyo safi itapungua", kwa sababu wakati unachanganya hujui uko upande gani wa mpaka. Na kipimo kisichopanda wala kushuka, kinachoonyesha sifuri ileile wiki mbili, nacho ni dalili. Kipe gesi ya majaribio ambayo kiasi chake cha oksijeni unakijua. Vihisi vya kemikali huisha nguvu, na vingi vikifa hufa vikionyesha sifuri.

Kuna harufu? Hakuna. Kuna sauti? Labda.

Haidrojeni haina harufu wala rangi, na tofauti na kaboni dioksidi haiachi barafu inapovuja, hivyo usisubiri kuona umande mweupe. Tundu kubwa husikika likifoka. Dogo hutafutwa kwa maji ya sabuni isiyo na amonia, kwa kuwa amonia hupasua shaba ya valvu, au kwa kitambuzi cha mkononi kikishikwa juu ya kiungio. Juu, kwa sababu gesi hii ni nyepesi kama mara 14 kuliko hewa na hupanda. Kitambuzi cha ukutani kilichofungwa magotini, kama kile cha gesi ya kupikia, kitakaa kimya chumba kikijaa kuanzia darini.

Uvujaji kwenye kiungio cha kujazia mara nyingi ni gasketi iliyolika au kiungio kisicho chake. Gesi zinazowaka hutumia hesi za kushoto, yaani hukazwa kwa kuzungusha kinyume na kawaida, na nati zake zina mikato kwenye kona ili uzitambue. Nati ikigoma, usilazimishe wala usitafute adapta. Kugoma kwake kunakuambia kwamba mtungi huo si wa safu hii. Soma lebo, maana rangi hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine na mitungi husafiri.

Uvujaji kwenye spindeli huonekana valvu ikiwa wazi na kutoweka ikifungwa. Funga, toa kwenye laini, peleka kwa fundi wa valvu. Uvujaji kwenye kisahani cha usalama, kile kinachopasuka presha ikizidi, haufungiki; vilevile ule wa shingoni, valvu inapoingia kwenye mtungi. Mtungi wa namna hiyo hupelekwa nje mahali pa wazi mbali na vyanzo vya moto, ukaachwa umalize. Kishawishi cha kuikaza valvu shingoni ikiwa na presha ni kikubwa, hasa kwa mtu mwenye spana ndefu na haraka. Hesi ikikatika, valvu hiyo itaruka kama risasi.

Kukaza kiasi gani ni swali halisi, na jibu si "mpaka iume". Tarehe 10 Juni 2019, kituo cha kujazia haidrojeni cha Kjørbo huko Sandvika, karibu na Oslo, kililipuka. Uchunguzi ulikuta boliti za ndani za plagi ya tangi moja la presha kubwa hazikuwa zimekazwa ipasavyo wakati wa kuunganishwa. Ziliachia polepole, gesi ikatoka, ikawaka. Tumia spana ya kupimia nguvu, weka alama ya rangi kwenye boliti iliyokazwa, na jaribu uvujaji kwa hatua: kwanza naitrojeni, kisha haidrojeni kwenye presha ndogo, kisha juu zaidi. Kiungio kinachoshika kwenye bar 10 si lazima kishike kwenye 200.

Tabia moja iletwayo na mafundi wa gesi nyingine lazima iachwe mlangoni. Ni ile ya kufungua valvu kidogo na kuifunga haraka ili kupuliza vumbi kabla ya kufunga kiungio. Kwa haidrojeni usifanye. Gesi inayofoka hewani huweza kujiwasha yenyewe kwa umeme tuli wa chembe inazobeba. Futa kwa kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi.

Bomba la kutolea linapiga mlio, au linawaka

Mlio mmoja mkavu juu ya paa unapotoa presha maana yake gesi imewaka mdomoni mwa bomba. Kutu ndani ya bomba, kutoa kwa kasi, na hali ya hewa ya radi huchangia. Angalia pia kama ethi, waya unaopeleka umeme ardhini, ya bomba na ya reki ya mitungi bado imeunganishwa, maana waya hukatika chini ya rangi bila kuonekana. Bomba likiwaka, usipande na kizimamoto. Punguza na ufunge mkondo kwa utaratibu huku naitrojeni ikiingizwa nyuma yake, ili moto usirudi ndani ya bomba wakati gesi inapoisha.

Moto wa haidrojeni mchana hauonekani, na hautoi joto la kukuonya kwa mbali kama moto wa kuni. Unaweza kutembea ukaingia ndani yake. Ukishuku, tumia kamera ya joto. Ukikosa, nyoosha ufagio wa nyasi mrefu mbele yako unapotembea, ushike usawa wa kifua na kuuchezesha: utawaka kabla yako. Moto wa mtungi huzimwa kwa kufunga gesi. Ukiuzima na gesi ikaendelea kutoka, umebadilisha moto unaouona, au angalau unaojua ulipo, kwa wingu linalotafuta cheche. Kama valvu haifikiki, uache uwake, mwagia maji mitungi ya jirani ukiwa nyuma ya kinga, na wengine waondoke. Ghalani, kanuni za Marekani hutaka mitungi ya oksijeni itenganishwe na ya gesi zinazowaka kwa mita 6 hivi, au kwa ukuta usioungua wa kimo cha mita moja na nusu unaostahimili moto nusu saa. Usiku wa moto ndipo utajua mita hizo ni za nini.

Mtungi una mashaka kwa nje

Angalia bega. Presha ya kazi isiwe chini ya ile ya safu: mtungi wa bar 150 uliopenyezwa kwenye safu ya 200 utajazwa 200, geji haijui. Tarehe ya majaribio isiwe imepita. Kanuni za usafirishaji za Ulaya kwa kawaida hutoa miaka 10 kwa haidrojeni. Kisha tafuta herufi H kwenye mihuri ya mitungi ya chuma ya kimataifa. Inamaanisha chuma hicho kinafaa kwa gesi zinazodhoofisha chuma. Haidrojeni hupenya kwenye chuma na kuharakisha ukuaji wa nyufa kila mtungi unapojazwa na kumwagwa, na kadiri chuma kilivyo na nguvu nyingi ndivyo kinavyodhurika zaidi. Ndiyo sababu mitungi ya haidrojeni kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu ya kustahimili mvutano isiyozidi megapaskali 950. Mtungi mwepesi wa kisasa uliokuwa wa naitrojeni haugeuzwi kuwa wa haidrojeni kwa kupakwa rangi nyekundu.

Alama ya kuungua kwa umeme wa kuchomelea, hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama, huutoa mtungi kazini. Mbonyeo, mkwaruzo wenye kina, na vishimo vya kutu chini ya kitako, mahali maji hukaa, hupelekwa kwa mkaguzi. Mitungi ya nyuzi za kaboni ina magonjwa yake: mgongano unaweza usiache alama nje wakati nyuzi zimekatika ndani, na ile yenye utando wa plastiki ikimwagwa haraka mpaka presha ndogo mno, utando hujikunja kuelekea ndani. Ukisikia imeangushwa, haijalishi inavyoonekana.

Mwisho ni kofia iliyogoma kufunguka, kero ndogo ya kila siku. Usipitishe bisibisi wala nondo kwenye matundu ya kofia ili upate nguvu ya kuizungusha. Ncha yake huingia ndani na kugusa gurudumu la valvu, na unapozungusha kofia unafungua valvu ukiwa umeinamisha uso juu yake. Tumia spana ya mkanda inayoshika kofia kwa nje. Ikishindikana, andika lebo na uurudishe mtungi ukiwa na kofia yake.